Mifupa ya wazee wetu: historia ya matibabu ya kansa ya prostati na bei ambayo wababa hawakuambiwa

Kuna maneno ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuyasikia, awe wa Butembo, wa Beni, wa Oicha ao wa Lubero: "Muzee alianguka kidogo tu, mfupa ukakatika." Hakugongwa na gari. Aliteleza mlangoni, ao alikuwa anashuka kwenye moto. Watu wa nyumba wanasema ni uzee. Jirani mwingine anasema kuna mkono wa mtu. Lakini ni mara chache mtu anauliza hivi: huyu muzee alikwisha kutibiwa kansa ya prostati? Kama ndiyo, alitibiwa namna gani, na mwaka gani?

Prostati ni tezi ndogo ya mwanaume, iko chini ya kibofu cha mkojo. Watu wa Tanzania wanaiita tezi dume. Kansa yake ikisha kuenea, matibabu makubwa ni kuondoa homoni ya kiume mwilini, kwa upasuaji ao kwa sindano. Matibabu hayo yanaongeza siku za kuishi, hilo hakuna anayelipinga. Lakini yanakula mifupa polepole. Leo tuone historia ya jambo hili, juu ndani yake kuna fundisho kwetu sisi tuliosoma: sayansi ilikuwa na habari zote mbili mkononi tangu mwaka wa 1941, lakini ilipitisha zaidi ya miaka 60 kabla ya kuhesabu vizuri wababa waliovunjika.

KILE WAFUGAJI WALIJUA ZAMANI

Aliyefuga mbuzi kijijini anajua: beberu akihasiwa ananona, anatulia, na ile harufu yake inaisha. Homoni inayotoka kwenye korodani, testosteroni, ndiyo inajenga misuli, sauti, ndevu na hamu ya tendo la ndoa. Ndiyo pia inalisha prostati.

Wanadamu nao walihasiwa, tena kwa ukatili. Katika jumba la wafalme wa China, na katika jumba la masultani wa Istanbul, kulikuwa watumishi wanaume waliohasiwa wangali watoto ao vijana. Wengi wa wale wa Istanbul walikuwa watoto wa Afrika, walionyakuliwa Sudan na Uhabeshi. Na wengi walikufa kabla ya kufika. Mwaka wa 1960 wanganga wa Beijing waliwapima watu 26 waliobaki kati ya watumishi wa zamani wa jumba la mfalme. Kwa 21 kati yao prostati haikusikika tena chini ya kidole. Ilikuwa imenywea kabisa.

Mwaka wa 1999 watafiti wawili wa Marekani, Jean Wilson na Claus Roehrborn, walikusanya habari hizo pamoja na za dhehebu moja la Urusi, Skoptsy, ambalo wafuasi wake walijihasi kwa sababu ya imani. Waliona pia jambo la pili: mifupa. Migongo iliyopinda, mifupa iliyokonda. Kwa hiyo mwili ulikuwa unasema mambo mawili kwa wakati mmoja: bila korodani prostati inanywea, na bila korodani mifupa inakonda. La kwanza likafanywa matibabu. La pili likabaki kwenye vitabu.

MWAKA WA 1941: MAANDISHI MAWILI AMBAYO HAYAKUKUTANA

Charles Huggins alizaliwa Halifax, Canada, mwaka wa 1901, akawa munganga mpasuaji kwenye Chuo Kikuu cha Chicago. Alifanya utafiti wake kwa mbwa, juu mbwa naye akizeeka prostati yake inapata shida kama ya mwanadamu. Akaona kwamba ukiondoa korodani, tezi inarudi ndogo. Mwaka wa 1941, pamoja na mwenzake Clarence Hodges, alitangaza matokeo kwa wanaume wenye kansa ya prostati iliyoenea mpaka kwenye mifupa. Baadaye mwaka huohuo ikatoka hesabu ya wagonjwa 21 waliotolewa korodani. Watu waliolala kitandani kwa maumivu walianza kula, kunenepa, kutembea. Ilionekana wazi kwamba kansa ya prostati inaweza kurudishwa nyuma kwa kugusa homoni peke yake. Mwaka wa 1966 Huggins alipewa tuzo ya Nobel.

Angalieni vizuri namna alivyopima. Huggins alifuata damu, akahesabu vimeng'enya viwili vinavyoitwa fosfatasi: kimoja kinapanda kansa ya prostati ikienea, kingine kinaonyesha kazi inayoendelea ndani ya mfupa. Ni kusema, tangu siku ya kwanza, mfupa ulikuwa mbele ya macho yake. Lakini aliuangalia kama fasi ambayo kansa inakaa. Kama mfupa wenyewe ungelipa matibabu hayo baada ya miaka mitano, hilo halikuwa swali la wakati ule.

Sasa sikieni. Mwaka uleule wa 1941, kwenye mji mwingine wa Marekani, Boston, munganga Fuller Albright na wenzake walitoa maandishi juu ya wamama waliopita umri wa kuzaa. Walionyesha kwamba mama akikosa estrojeni, homoni ya kike, mifupa yake inapoteza uzito na pingili za mgongo zinavunjika. Ugonjwa huo ndio osteoporozi, ni kusema mfupa unabaki na umbo lake lakini ndani umekuwa na matundu, kama ubao ulioliwa na mchwa.

Chicago ilisema: ondoa homoni, kansa inanywea. Boston ilisema: homoni ikiondoka, mfupa unaliwa. Mwaka mmoja, nchi moja. Sababu gani hawakuunganisha?

Sababu ya kwanza, wagonjwa wa Huggins walikuwa karibu na kufa. Mtu aliyebakiza mwaka mmoja ao miwili hana wakati wa kuvunjika nyonga kwa sababu ya osteoporozi. Sababu ya pili, baada ya Albright osteoporozi ilipewa jina la ugonjwa wa wamama, na mpaka leo watu wengi wanaamini hivyo. Sababu ya tatu, vyombo. Picha ya X-ray ya kawaida inaonyesha upungufu wa mfupa wakati sehemu kubwa, karibu theluthi moja, imekwisha kwenda. Mashine ya kupima uzito wa mfupa inayotumiwa leo, DXA, ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1980.

Na sisi huku? Mwaka wa 1941 nchi ilikuwa chini ya Wabelgiji. Oicha, upande wa Beni, munganga mmisionari wa Marekani, Carl Becker, alikuwa anajenga hopitali ambayo baadaye ilijulikana mbali kwa kazi yake ya ukoma. Alikaa pale mpaka uasi wa Simba ulipomtoa mwaka wa 1964. Katika miaka hiyo kazi kubwa ya wanganga ilikuwa magonjwa ya kuambukiza na kuokoa wazazi na watoto. Kansa ya wazee haikuwa swali la kwanza. Leo wababa wanaofika miaka 70 na zaidi ni wengi kuliko zamani, na kansa hii inawapata zaidi wenye umri huo. Ndiyo maana historia ya Chicago imekuwa historia yetu pia.

KIDONGE KILICHOKUJA NA KUONDOKA

Mwaka wa 1938, London, mwanakemia Charles Dodds na wenzake walikuwa wametengeneza estrojeni ya kiwandani iliyoitwa DES. Ilikuwa rahisi kutengeneza na bei yake ilikuwa ndogo. Huggins mwenyewe aliijaribu: mwanaume akipewa estrojeni, ubongo unaamuru korodani ziache kazi. Bila kisu. Kwa miaka karibu 40 wababa wengi wa Ulaya na Marekani walimeza kidonge hicho. Matiti yalivimba, watu walipata aibu, lakini kansa ilitulia.

Kisha, katika miaka ya 1960, hopitali za askari wa zamani wa Marekani zililinganisha matibabu kwa wagonjwa wengi. Wakaona jambo zito: waliomeza miligramu 5 za DES kila siku walikufa kidogo zaidi kwa kansa, lakini walikufa zaidi kwa moyo na mishipa ya damu. Kidonge kikapoteza sifa.

Kumbe kidonge hicho, pamoja na ubaya wake wote, kilikuwa kinalinda mifupa. Dunia ilielewa vizuri jambo hili mwaka wa 1994, wakati wanganga wa Marekani walipoeleza habari ya kijana wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kusikia estrojeni. Testosteroni alikuwa nayo ya kutosha. Lakini alikuwa anaendelea kurefuka, alifika zaidi ya mita 2, na mifupa yake ilikuwa dhaifu sana. Hapo ndipo ikaonekana wazi: hata kwa mwanaume, estrojeni ndiyo inakaza mfupa. Mwili wa baba unaitengeneza kutokana na testosteroni yake. Kwa hiyo ukifunga testosteroni, umefunga na estrojeni. Mfupa unapoteza walinzi wawili mara moja.

Wakati huohuo njia mpya ilikuwa imekwisha kufunguka. Mwaka wa 1971 Andrew Schally na Roger Guillemin, waliokuwa wapinzani wakubwa, walitambua muundo wa homoni ndogo ya ubongo inayoamuru korodani. Mwaka wa 1977 waligawana Nobel. Kutokana na homoni hiyo zikatengenezwa sindano, na ya kwanza, leuprolide, iliruhusiwa Marekani mwaka wa 1985. Baadaye ikawa sindano moja kwa mwezi, kisha kwa miezi mitatu, na testosteroni inashuka sawa na ya mtu aliyehasiwa. Hakuna kisu, na matiti hayavimbi sana kama kwa DES.

Miaka hiyohiyo kipimo cha damu kinachoitwa PSA kikaenea. Kansa ikaanza kuonekana mapema, na sindano zikaanza mapema, wakati mwingine kwa mtu ambaye bado anatembea na nguvu zake. Baba akaishi miaka 5, 8, 10 bila homoni. Na hiyo ndiyo miaka ambayo mfupa ulikuwa unaihitaji ili uvunjike.

HESABU ILIYOKUJA KWA KUCHELEWA

Wanganga wachache walikuwa wamekwisha kuandika kwamba wanaume waliotolewa korodani wanavunjika sana. Lakini hesabu iliyotikisa watu ilitoka mwaka wa 2005. Vahakn Shahinian na wenzake walifuata rekodi za wanaume zaidi ya 50,000 wa Marekani wenye kansa ya prostati. Kati ya wale walioishi angalau miaka mitano baada ya kujulikana kansa, asilimia 19.4 ya waliotibiwa kwa kufunga homoni walivunjika mfupa. Kwa wale ambao hawakufungiwa homoni, ilikuwa asilimia 12.6.

Tufanye hesabu ya darasani. Tofauti ni karibu 7 kwa kila 100. Weka wababa 100 kwenye kanisa siku ya Mungu: 7 kati yao watavunjika mfupa ambao bila matibabu hayo usingevunjika. Si wote, si nusu. Lakini si kidogo, hasa ukijua kwamba muzee aliyevunjika nyonga anaweza kulala miezi, akapata vidonda vya mgongo, homa ya mapafu ao damu kuganda kwenye mguu.

Utafiti ulionyesha pia kwamba mfupa unaenda haraka zaidi mwanzoni. Mwanaume wa kawaida akizeeka anapoteza hivi asilimia moja ya uzito wa mfupa kwa mwaka, ao chini yake. Aliyefungiwa homoni anaweza kupoteza asilimia 2 mpaka 5 katika mwaka wa kwanza peke yake.

Dawa nazo zikajaribiwa. Mwaka wa 2001 Matthew Smith wa Boston na wenzake walionyesha kwamba dawa ya jamii ya bisfosfoneti inazuia upotevu huo. Mwaka wa 2009 wakajaribu nyingine, denosumab, kwa wanaume 1,468 waliokuwa wamefungiwa homoni. Baada ya miezi 36, waliovunjika pingili za mgongo walikuwa asilimia 3.9 upande wa waliopewa sindano ya bure isiyo na dawa, na asilimia 1.5 upande wa waliopewa dawa yenyewe.

Basi, toka 1941 mpaka 2005 ni miaka 64. Elimu haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza baba aliyepona: "Na baada ya hapo, mwili wako ulifanya nini?"

KWETU, 1941 HAIJAPITA

Hapa historia inageuka kuwa habari ya leo. Nchi tajiri zilitoka kwenye kisu zikaenda kwenye kidonge, kisha kwenye sindano. Katika sehemu nyingi za Afrika upasuaji wa Huggins ungali matibabu ya kwanza, na kuna sababu ya haki. Unafanywa mara moja. Haudai kurudi kila miezi mitatu. Gharama yake inajulikana. Ni kweli, leuprorelin (jina lingine la leuprolide) iliingia kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2015, lakini kuingia kwenye orodha si kuingia kwenye famasi ya Butembo. Jamaa inayoishi kwa maharage, kahawa ao duka dogo haiwezi kuahidi sindano ya miaka. Na anayetaka kufika Uganda Cancer Institute, taasisi ya kansa iliyofunguliwa Kampala mwaka wa 1967, atapita Kasindi na Mpondwe, kwenye barabara ambayo usalama wake tunaujua sisi wenyewe.

Kwa hiyo upasuaji si tiba ya kizamani ya kudharauliwa. Unafanya kazi sawa na sindano juu ya kansa. Lakini una jambo moja: haurudi nyuma. Sindano inaweza kusimamishwa, homoni ikarudi polepole. Aliyetolewa korodani, mfupa wake utaishi bila walinzi mpaka mwisho. Yeye ndiye anahitaji kufuatiliwa kuliko wote.

Na mfupa kuvunjika huku si sawa na kuvunjika Boston. Butembo ni mji wa vilima. Mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni. Muzee anapanda moto nyuma ya kijana mwenye haraka. Anaenda shamba na jembe, anarudi na ndizi kichwani. Upande wa Beni kuna zaidi: tangu Oktoba 2014 mauaji yamewakimbiza watu kijiji baada ya kijiji, Mbau, Eringeti, Oicha na kwingine. Wakati wa kukimbia, kila mtu anategemea miguu yake. Baba ambaye nyonga yake imevunjika hakimbii. Anabaki, ao anabebwa, na wanaombeba wanachelewa pamoja naye.

Kuna na siri. Korodani ni jambo la heshima ya mwanaume, kwa hiyo nyumbani inasemwa tu: "Papa alipasuliwa prostati." Watoto hawajui zaidi. Miaka sita baadaye muzee anaumwa mgongo, anapelekwa kwenye hopitali nyingine, na munganga mpya hana habari. Hapa ndipo shule yetu inaweza kusaidia kitu. Tafuteni karatasi za papa. Kama kuna maneno ya Kifaransa orchidectomie ao pulpectomie, ni kusema korodani zilitolewa ao ziliondolewa kiini chake, na homoni imefungwa. Andikeni tarehe. Kila munganga atakayemwona baadaye aonyeshwe karatasi hiyo.

MAMBO YA KUULIZA, HATA KAMA MASHINE HAIKO

Mashine ya DXA ni adimu kwetu. Lakini mambo mengi hayaidai.

Kimo. Mpimeni muzee akisimama ukutani, andikeni. Akipungua sentimeta kadhaa, ao mgongo ukianza kupinda, inawezekana pingili zimevunjika kimyakimya. Aliyekwisha kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu yuko katika hatari kubwa ya kuvunjika tena.

Maumivu ya mgongo. Kwa mtu wa kansa hii kuna sababu mbili kubwa: kansa imefika kwenye mfupa, ao mfupa wenyewe umekonda ukavunjika. Dawa zake si moja, kwa hiyo msinunue tu vidonge vya maumivu. Na kama miguu inalegea, inakufa ganzi, ao mkojo umekataa, hiyo ni haraka ya siku hiyohiyo, juu neva za mgongo zinabanwa.

Chakula. Kalisiamu inayopendekezwa ni miligramu 1,000 mpaka 1,200 kwa siku, chakula na vidonge pamoja. Tunayo: ndagala na sambaza wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa na jibini la vilima vyetu, lengalenga, soya. Vitamini D inatoka kwenye jua. Muzee anayeshinda ndani na koti lake kwa sababu ya baridi ya Butembo, mtoeni nje kidogo.

Mwendo. Mfupa unaobebeshwa uzito unakazika. Muzee aliyetibiwa asilazwe kitini kwa huruma. Atembee, ainuke na kukaa mara nyingi, afanye kazi nyepesi. Pombe kali, lotoko na zile za aina yake, na tumbako zinakula mfupa. Tena mlevi anaanguka. Taa ya usiku, njia kavu ya kwenda msalani na fimbo nzuri vina bei ndogo kuliko upasuaji wa nyonga.

Dawa. Alendroneti ni kidonge cha mara moja kwa juma: kinamezwa asubuhi tumbo tupu, na maji glasi nzima, na mtu asilale chini kwa dakika 30, juu kinaunguza koo. Asidi ya zoledroni ni ya kuingizwa kwenye mshipa. Munganga atapima figo kwanza. Na meno yaangaliwe kabla, kwa sababu dawa hizi mara chache zinaharibu mfupa wa taya baada ya kung'oa jino. Denosumab inadungwa kila miezi sita, lakini ikikatwa ghafla mfupa unapotea kwa haraka na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mara moja. Fasi ambayo barabara inafungwa bila taarifa, hilo ni la kujadili na munganga kabla ya kuanza. Tena muzee anayemeza prednizoloni kwa muda mrefu aseme, juu nayo inakula mifupa.

Na la mwisho, tulisisitize sana: mtu asiache matibabu ya kansa kwa kuogopa mifupa. Kansa isiyotibiwa inavunja mifupa kwa ukatili zaidi. Tunachoomba ni vyote viwili vifuatwe pamoja.

TULIKWISHA KUHESABU, TUNAWEZA TENA

Wengine watasema: hesabu kama ile ya 2005 ni ya nchi tajiri, sisi tuna vita. Nawakumbusha Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 Mangina, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, ikaacha watu 2,287 wamekufa. Katikati ya risasi na vituo vya matibabu kuchomwa, toka Novemba 2018 mpaka Agosti 2019, wagonjwa 681 waliingia kwenye utafiti wa dawa nne, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, chini ya taasisi ya INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe. Wakongomani ndio waliopima, waliandika, walifuatilia. Jibu walilolipata, dawa mbili zilizoshinda, linatumika leo dunia nzima. Na waliopona hawakuachwa waende tu: waliitwa tena kupimwa macho, viungo, damu. Ni kusema swali la "na baada ya hapo?" liliulizwa hapa kwetu, tena kwenye wakati mbaya kabisa.

Swali la mifupa ni dogo kuliko lile. Halihitaji maabara kubwa. Linahitaji kitabu, mita ya kupima kimo, na mwanafunzi mwenye subira. Université Catholique du Graben ina kitivo cha udaktari, na chuo chenyewe kiko Butembo tangu 1989. Kuna hopitali za Matanda, Katwa, Kitatumba, na ile kubwa ya Beni. Wewe unayetafuta mada ya TFC ao memwari, chukua hii: wababa waliotibiwa kwa kufunga homoni katika miaka kumi iliyopita, wangapi wanaishi, wangapi wamepungua kimo, wangapi wamevunjika, na wangapi waliambiwa mbele kwamba jambo hilo linaweza kutokea.

Na wewe ambaye hukusoma udaktari, kazi yako iko nyumbani. Wakati wa likizo kaa na papa ao babu yako, mbali na watu, umuulize kwa heshima alitibiwa nini. Wengi watajibu. Walikuwa wanangoja mtu wa kuwauliza.

Andikeni maoni yenu hapa chini, hasa ninyi wanganga na wauguzi: kwenye hopitali mnayofanyia kazi, muzee akitolewa korodani, ni nani anamwambia habari ya mifupa?